Dang'a ya Ng'ombe Kwenye Makopo: Je, Inaongeza Kinga?



Wengi wenu mmetuuliza kuhusu unga wa dang'a ya ng'ombe unaouzwa kwenye makopo na vidonge. Unasifiwa kwamba unaongeza kinga ya mwili, unaondoa mafua, unaponya vidonda vya tumbo, na wapo wanaothubutu kusema kuwa unashinda hata virusi vya UKIMWI. Nimeamua leo tulizungumze jambo hili kwa kirefu, maana nimeliona kwa macho yangu likiingia mpaka wodi ya wazazi.

Asubuhi moja nilipokuwa nikipita vitandani nilimkuta mama kijana aliyejifungua usiku. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo 2.4, mdogo kidogo lakini mwenye kilio kizuri. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamsaidia kukamua matiti juu ya kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimelowa maziwa mazito ya rangi ya njano.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona maziwa mnayamwaga, na mtoto analia?"

"Haya ni machafu, mwanangu. Yamelala ndani muda wote wa mimba. Akinywa haya ataumwa tumbo. Tumempa maji ya sukari kidogo, tunasubiri maziwa meupe."

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, baba wa mtoto alikuja akiwa na kopo limefungwa vizuri ndani ya mfuko. Akaniita pembeni. "Sista, mtoto wetu ni mdogo sana. Nimeambiwa hii itampa kinga. Nimeuza mbuzi wawili." Nikasoma maandishi ya kopo. Ulikuwa unga wa dang'a ya ng'ombe.

Basi, ndugu wasomaji, katika chumba kimoja dang'a ya mama ilikuwa inamwagwa, na dang'a ya ng'ombe imenunuliwa kwa bei ya mbuzi wawili. Tuone ni wapi mambo yalipotea njia.

DANG'A NI NINI?

Dang'a ni maziwa ya kwanza yanayotoka mara baada ya mama au mnyama kuzaa. Huwa mazito na mara nyingi ya njano. Rangi hiyo si uchafu. Hutokana na kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ndugu yake na kile kinachoipa karoti rangi yake. Baada ya siku chache maziwa hubadilika polepole na kuwa meupe na mepesi kama tulivyoyazoea.

Dang'a ya ng'ombe ina protini nyingi mara nne au zaidi kuliko maziwa yake ya kawaida. Sehemu kubwa ya protini hiyo ni askari wa kinga ambao wataalamu huwaita kingamwili. Katika lita moja ya dang'a nzuri ya ng'ombe mna gramu 50 au zaidi za askari hao. Katika lita moja ya maziwa yake ya kawaida haifiki hata gramu moja. Ndiyo maana watu wameiangalia dang'a na kujiuliza: kama ina askari wengi hivi, kwa nini nasi tusiinywe tukapata kinga?

Swali hilo si la kipumbavu. Mwaka 1892 daktari wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alionyesha kwa kutumia panya kwamba mama huwapa watoto wake kinga kupitia maziwa anayowanyonyesha. Lakini ili tujibu swali vizuri lazima kwanza tumwelewe ndama, kwa sababu dang'a ya ng'ombe ilitengenezwa kwa ajili yake.

KWA NINI NDAMA ASIYEPATA DANG'A HUFA

Wafugaji wanalijua jambo hili bila kufundishwa na nesi. Ndama akikosa dang'a, baada ya siku chache anaanza kuhara, kitovu kinavimba, anakohoa, na mara nyingi anakufa.

Sababu yake ni hii. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi askari wa kinga kutoka damu ya mama kwenda kwa ndama aliye tumboni. Ndama huzaliwa karibu mikono mitupu. Lakini utumbo wake kwa saa za kwanza uko wazi kama mlango: askari walio katika dang'a hupita wazima wazima, wakaingia kwenye damu yake. Mlango huo huanza kufungwa mapema, na baada ya siku moja hivi unakuwa umefungwa kabisa. Dang'a atakayoinywa baada ya hapo itamlisha, lakini askari wake hawataingia tena kwenye damu.

Ndiyo maana mabwana mifugo hushauri ndama apate dang'a ya kutosha ndani ya saa 6 za kwanza, kiasi cha moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 20 anahitaji kama lita 2, na ndama wa kigeni wa kilo 40 kama lita 4.

Tazameni vizuri hapo. Hata ndama mwenyewe, ambaye dang'a ni yake, hunufaika na askari wale kwa damu yake kwa muda wa siku moja tu. Sasa mtu mzima wa miaka 40 anayekoroga kijiko cha unga kwenye uji, askari hao wataingiaje kwenye damu yake? Hawaingii. Tumbo la mtu mzima huwameng'enya wengi wao kama linavyomeng'enya nyama, maharage na yai. Wachache wanaopona hufanya kazi ndani ya utumbo tu, kisha hutoka na choo.

NA MTOTO WA BINADAMU JE?

Mtoto wa binadamu hazaliwi kama ndama. Kondo la mama hupitisha askari wa kinga, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa tayari ana askari wa mama yake katika damu. Aliyezaliwa kabla ya wakati amepata wachache, naye ndiye anayehitaji zaidi dang'a ya mama yake.

Kama mtoto ana askari katika damu, dang'a ya mama ni ya kazi gani? Hii ina askari wa aina nyingine, wanaoupaka utumbo na koo la mtoto kama vile fundi anavyopaka lipu ukutani, wadudu wasipate mahali pa kupenya. Na askari hao wanawafahamu wadudu wa nyumba ile ile. Wadudu waliopita kwa mama, wa maji anayokunywa na watu anaoishi nao, ndio atakaokutana nao mtoto wake. Ng'ombe hana habari hizo. Askari wa dang'a yake wamefunzwa zaidi kupambana na wadudu wa zizini.

Tena dang'a ya mama humsaidia mtoto kutoa kinyesi kile cheusi cha kwanza, na kwa kufanya hivyo hupunguza umanjano wa siku za mwanzo. Yule bibi aliogopa maumivu ya tumbo, kumbe dang'a ndiyo inayolisafisha tumbo.

Akina mama wengi husema, "Sista, sina maziwa, yanatoka matone tu." Ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kwanza tumbo la mtoto ni dogo sana, na mnyonyo mmoja wa kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, unamtosha. Anyonye mara kwa mara, usiku na mchana, na kila anaponyonya ndivyo maziwa yanavyoitwa yaje. Ukimpa maji ya sukari anashiba, hanyonyi, na maziwa yanachelewa. Zaidi ya hayo, maji na kikombe huleta wadudu tumboni mwake kabla lile lipu halijapakwa.

Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wanashauri mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Haitakuwa haki kusema kwamba dang'a ya ng'ombe haina lolote kwa binadamu. Wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi, na nitawaeleza mazuri na mapungufu yake.

Mwaka 1950 Dkt. Albert Sabin wa Marekani alitangaza kwamba ameona, katika maziwa ya akina mama na ya baadhi ya ng'ombe, kitu kinachopinga virusi vya polio. Wauza makopo hupenda kulitaja jina lake. Lakini silaha ambayo Sabin aliipatia dunia dhidi ya polio si maziwa. Ni chanjo ya matone, ile ambayo watoto wetu wamedondoshewa mdomoni kwa miaka mingi.

Mwaka 1988 taarifa nyingine kutoka Marekani ilieleza jaribio la watu 20 waliojitolea. Wote walinyweshwa bakteria wa kuharisha. Kumi kati yao walikuwa wamepewa askari wa kinga waliotolewa katika maziwa ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja wao aliyehara. Kati ya kumi wengine, 9 walihara. Ni jambo kubwa hilo. Lakini angalieni: ng'ombe wale walikuwa wamechanjwa makusudi dhidi ya bakteria hao hao, kisha askari wakakusanywa kwa wingi. Unga wa kawaida wa dukani hautoki kwa ng'ombe waliochanjwa dhidi ya kuhara kwetu.

Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mwaka 2011 ilitoka taarifa ya utafiti wa kaskazini mwa Uganda. Wagonjwa waliokuwa wakihara walipewa chakula chenye dang'a ya ng'ombe pamoja na matibabu, wakapata nafuu kuliko wale waliopata matibabu peke yake. Mwaka huo huo ikatoka taarifa ya Australia, ya watu waliokuwa wakitumia ARV vizuri lakini CD4 zao zimebaki chini. Walipewa dang'a ya ng'ombe waliochanjwa, na CD4 hazikupanda kwa sababu yake. Kwa hiyo inawezekana dang'a ikasaidia utumbo unaohara. Haikuthibitika kwamba inapandisha kinga, na wala haiui virusi.

Huko Malawi, taarifa ya mwaka 2021 ilihusu watoto wa miezi 9. Waliopewa unga wa dang'a ya ng'ombe uliochanganywa na yai walidumaa kidogo kuliko waliopewa unga wa mahindi na soya. Matokeo haya yanatia moyo. Lakini walipewa vyote viwili, dang'a na yai, kwa hiyo huwezi kusema ni dang'a iliyofanya kazi peke yake. Na watoto hao walikuwa na miezi 9, si siku moja.

Kwa jumla basi: kuna dalili za msaada katika utumbo, hasa kwa baadhi ya magonjwa ya kuhara. Zipo pia tafiti ndogo zinazoonyesha wanamichezo wanaojichosha sana wakipungukiwa siku za mafua. Lakini hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kopo la dang'a linamkinga mtu na malaria, kifua kikuu, surua au UKIMWI. Anayewaambia hivyo anatafuta fedha yenu.

TUPIGE HESABU

Wengine husema, "Hata kama si dawa, angalau ni protini." Haya, tupige hesabu. Kijiko kilichojaa gramu 5 za unga, hata kama wote ungekuwa protini tupu, kisingeweza kukupa zaidi ya gramu 5. Yai moja lina protini kama gramu 6. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina kama gramu 16. Maharage, karanga na dagaa vyote ni protini.

Yule baba aliuza mbuzi wawili. Kwa fedha hizo mkewe angekula yai kila siku kwa wiki nyingi, na akapata nguvu ya kumnyonyesha mtoto.

NANI AJIHADHARI?

1. Mtoto mchanga. Asipewe unga wa dang'a ya ng'ombe wala maziwa ya ng'ombe. Ni mzito kwa tumbo na figo zake, na unamtoa titini. Hata akiwa ameanza kula, asipewe kabla hamjaongea na mtoa huduma wa afya.

2. Mtu ambaye maziwa ya ng'ombe humdhuru. Kama ukinywa maziwa unatokwa na vipele, unavimba midomo au unabanwa kifua, dang'a nayo inaweza kukudhuru vivyo hivyo.

3. Mama mjamzito, na mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anayetumia dawa kila siku. Asianze kopo lolote bila kumwambia daktari wake.

4. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu. Kosa lake si kula unga, kosa lake ni kuacha dawa. Nimeuguza watu walioacha vidonge vya hospitali kwa sababu ya kopo. Walirudi wamekonda, wanakohoa, na wengine tulichelewa kuwasaidia. Kama mtu ameamua kutumia unga huo kwa fedha yake, autumie kama chakula na dawa zake aendelee nazo bila kukosa hata siku moja.

Na ukinunua chakula chochote cha kopo, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, angalia kama limetobolewa, na hapa Tanzania angalia alama ya TBS. Alama hiyo inahusu usalama na ubora wa chakula. Haisemi kwamba chakula hicho kinaponya magonjwa.

NA DANG'A YA NG'OMBE WETU NYUMBANI?

Hili nalo huulizwa sana na familia za wafugaji. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, ndama atangulie. Usikamue dang'a kwa ajili ya watu kabla ndama hajapata sehemu yake katika zile saa 6. Ukimwibia ndama leo, utamzika wiki ijayo, na huyo ndiye mtamba wa kesho. Kama ng'ombe ametoa nyingi na mna jokofu la kugandisha, hifadhini kidogo katika chupa safi. Siku ndama mwingine akifiwa na mama yake, mtaiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, si kwa kuichemsha, mkamwokoa.

Pili, msinywe dang'a mbichi. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima na akawa na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita brusela, au kifua kikuu cha ng'ombe. Wadudu wa magonjwa haya hupita katika maziwa. Mtu akipata brusela huwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usiokwisha. Wengi hutibiwa malaria mara tatu, mara nne, bila nafuu. Matibabu yake huchukua wiki 6 kwa dawa zaidi ya moja. Mama mjamzito akiipata, mimba inaweza kuharibika.

Dang'a ikichemshwa huganda kama yai linavyoganda. Hapo imekuwa chakula kitamu na salama. Wapo watu wa nchi mbalimbali wanaoipika hivyo: Wahindi huipika kwa mvuke na sukari guru na iliki, na Wafini wa Ulaya huioka mpaka ikawa kama jibini. Lakini moto huo huo unaoua wadudu huwaharibu na askari wa kinga. Hivyo mwenye dang'a nyumbani hawezi kupata vyote viwili. Akiichemsha, amepata chakula na si dawa. Asipoichemsha, anawameza askari pamoja na brusela. Chagueni chakula.

Tena kama ng'ombe amepigwa sindano au amewekewa dawa kwenye kiwele, mwulizeni bwana mifugo ni siku ngapi maziwa yake yasitumiwe na watu.

KINGA HUJENGWAJE?

Watu husema "kuongeza kinga" kana kwamba kinga ni maji ya pipa yanayojazwa kwa ndoo. Sivyo. Kinga ni jeshi zima lenye askari wa namna nyingi, nalo hulishwa, hupumzishwa na hufunzwa.

Hulishwa kwa chakula cha mchanganyiko: ugali au ndizi, maharage au dagaa, mboga za majani, matunda yaliyopo kwa msimu, na yai au maziwa yaliyochemshwa inapowezekana. Hupumzishwa kwa usingizi, na hudhoofishwa na pombe na sigara. Hufunzwa kwa chanjo. Chanjo humwonyesha askari sura ya adui kabla adui hajafika, na mafunzo hayo hukaa miaka mingi. Hakuna unga wa kopo unaoweza kufanya kazi hiyo. Na jeshi lolote hupata nafuu kama maadui ni wachache: nawa mikono kwa sabuni, lala ndani ya chandarua, tumia choo, chemsha maji ya kunywa.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Mama mwenye virusi vya UKIMWI ampe mtoto dang'a yake?
Ndiyo. Kwa utaratibu wa sasa mama hutumia ARV kila siku, mtoto hupewa dawa yake ya kinga kama atakavyoelekezwa kliniki, na ananyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha anaendelea kunyonya pamoja na vyakula vingine. Kinacholeta hatari ni mama kuacha dawa, au kumchanganyia mtoto maziwa mengine, maji na uji katika miezi hiyo 6.

Mama amefariki wakati wa kujifungua. Tumpe mtoto dang'a ya ng'ombe au ya mbuzi?
Hapana. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Tutatafuta namna salama ya kumlisha, na tutawafundisha kumnywesha kwa kikombe kisafi. Pole sana kwa familia yoyote iliyopatwa na msiba huo. Msijifiche kwa aibu ya kukosa fedha, njooni.

Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, hana nguvu za kunyonya. Tufanye nini?
Mama akamue dang'a yake kwa mkono safi ndani ya kikombe kilichochemshwa, na nesi atamwonyesha jinsi ya kumpa kidogo kidogo. Msimwage hata tone. Mtoto huyu ndiye mwenye haja kuliko wote.

TUMALIZIE

Mtauliza mambo yaliishaje kule wodini. Sikumgombeza yule bibi. Nilimwuliza, "Bibi, nyumbani mna ng'ombe?"

"Tunaye. Amezaa juzi juzi."

"Ile dang'a ya njano mlimwaga?"

Akanitazama kama mtu anayezungumza na mtoto. "Mwanangu, ukimnyima ndama dang'a si atakufa?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza kidogo, akakitazama kile kitambaa, kisha akamtazama mjukuu wake. Hakusema neno. Akachukua mtoto mwenyewe, akamweka kwenye titi la mkwewe, akamshikia kichwa mpaka akakamata vizuri. Walipotoka hospitali mtoto alikuwa ananyonya bila shida, na kila wiki ya kliniki uzito wake ulikuwa unapanda.

Kopo lilirudi nyumbani halijafunguliwa. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Baba aliniambia hasira yake ilimtoka siku alipouona uzito wa mtoto kwenye kadi.

Basi, wapenzi wasomaji, dang'a ya ng'ombe mwachieni ndama kwanza. Ikibaki, ipikeni muile kama chakula. Na dang'a ya mama, ile ya njano isiyouzwa dukani, msiimwage. Akina bibi na mashangazi, ninyi ndio mnaosikilizwa wodini kuliko sisi manesi. Lisemeni hili kwa binti zenu kabla siku zao za kujifungua hazijafika.